Karibuni Nyumbani

"Sema tena!" Raihana alikuwa ametoa kifua kizima nje ya dirisha lake la ghorofani. "Sema tena, kichochoro kizima kisikie, kwamba hiyo ni harufu ya kaimati!"

"Ni ya kaimati," Mejumaa alijibu kutoka chini, mwiko mkononi, karai la mafuta likichemka mbele yake. "Shira yangu imeungua. Wataka nikuletee uonje?"

"Mimi si mtoto, Mejumaa. Tangu lini shira ya kaimati ikatiwa sandali?"

"Tangu leo. Mapishi mapya haya."

"Mjane yumo edani, matanga hayajapoa vizuri, na nyumba yafuka udi kama yamngoja bwana harusi! Na wewe wamfichia!"

"Nimfichie wapi, bibi wee, na pua yako yaingia hadi sufuriani mwake?"

Wapita njia wawili walipunguza mwendo ili wasikose kitu.

Kwa asiyekijua kichochoro kile cha Mji wa Kale, ni chembamba hivi: dirisha la Raihana na dirisha la Maisara yatazamana, na ukiishiwa chumvi huna haja ya kushuka ngazi, wanyosha mkono tu. Raihana akipiga chafya, jirani wa ng'ambo humwombea rehema bila kupaza sauti. Hapo siri haikai. Ikikaa, yakaa kwa kuazima.

Na huyo aliyekuwa akigombaniwa, Maisara mwenyewe, alikuwa ndani, nyuma ya dirisha, amekaa kwenye kibao mbele ya jiko la gesi na nguo yake nyeupe ya eda, akayasikia yote kama mtu asikiavyo redio ya jirani. Maneno mawili tu ndiyo yaliyomfikia. Harufu. Imeungua. Akateremsha macho kwenye sufuria. Sukari aliyokuwa akiipika imekuwa nyeusi tititi, yatoa mapovu mazito, na moshi umeshafika darini.

Hakuwa amesikia harufu yoyote.

Akazima jiko. Akainamia sufuria, uso karibu uungue kwa mvuke, akavuta pumzi. Hakuna kitu. Akafungua chupa ya mafuta ya waridi akainusa. Hakuna. Miski, ile ambayo ukiifungua asubuhi yakufuata hadi unapolala, hakuna. Ni kama kutia mkono mfukoni ukakuta mfuko umetoboka, na hujui umetoboka tangu lini. Chakula alikuwa amekiona hakina ladha, lakini alidhani ndivyo msiba ulivyo. Watu huambiana hivyo: msiba hauna ladha.

Hakulia. Tangu siku ile alikuwa hajalia, na jambo hilo mtaani lilikuwa limeshazungumzwa likachakaa.

Mumewe, Kamaludin, alikuwa karani katika kampuni moja ya kutoa mizigo huko Shimanzi. Alitoka asubuhi akilalamika kwamba chai ina sukari nyingi, akaanguka kwenye meza yake ya kazi kabla ya adhuhuri, akarudi nyumbani amebebwa. Watoto hawakujaaliwa. Kilichobaki ni nyumba ya ghorofa moja iliyotoka kwa baba wa marehemu, na maboksi ya makopo.

Hayo maboksi yana hadithi yake. Maisara alikuwa mpishi wa udi, na si wa jana. Udi ule wa kupika kwa sukari, uliotiwa unga wa mti wa udi na sandali na mafuta yake, ukamwagwa kwenye sinia, ukakatwa vipande, ukaanikwa. Harusi ngapi za mtaa ule hazikufukizwa ila kwa mkono wake. Kamaludin kila siku alimwambia, "Mke wangu, udi wako waishia kichochoroni. Kuna watu wako Nairobi, wako Maskati, wafukiza vijiti vya dukani wakikohoa. Tufungue duka mtandaoni." Yeye akamjibu, "Haya, fungua." Kamaludin naye, bila kumwambia, akaagiza makopo madogo yenye vifuniko vya dhahabu. Yakaja siku ya tatu ya matanga. Maisara alishuka akamtilia sahihi mleta mizigo, akapanda tena. Waliokuja kutoa pole wakakosa viti, wakakalia maboksi.

Halafu akaja Saif.

Saif ni kaka mkubwa wa marehemu, akaa Kizingo, kwenye nyumba kubwa yenye lango na miti, kule ambako jirani humjui ila kwa gari lake. Mtu mzuri, tusimsingizie. Alikaa ukumbini na Maisara akakaa nyuma ya pazia kama ipasavyo, akasema kwa upole: "Shemeji, eda ikiisha tuifunge hii nyumba, tuipangishe. Wewe uje kwangu, kuna chumba nyuma, kina choo chake. Si vizuri mwanamke kukaa peke yake ndani ya ghorofa."

Maisara alikuwa amewahi kushinda Kizingo, siku ya Idi. Kutwa nzima alisikia kunguru mmoja na lango likifunguliwa.

"Nataka kufungua duka," akasema. Maneno yalitoka yenyewe, na yeye akayasikia kama ya mtu mwingine nyuma ya pazia jingine.

"Duka wapi?"

"La mtandaoni. La udi. Alilolitaka nduguyo."

Saif akajikuna ndevu, ukasikika mkwaruzo. "Haya. Ijumaa ya kwanza baada ya eda nitakuja, laasiri. Nikiliona duka, na nyumba ina kazi, kaa. Nikikuta ni maneno, utanipa funguo na tutaondoka pamoja. Sawa?"

"Sawa."

Hakuona uchungu wala furaha. Lakini alilijua jambo moja, vile mtu ajuavyo kwamba mguu uliokufa ganzi bado ni wake: akitoka kwenye kichochoro hiki, hatairudia nafsi yake tena.

Ndiyo sababu alikuwa akipika. Alikuwa amemtuma Mejumaa kwa mke wa maalimu akaulize, jibu likaja: kuuza ruhusa, kujifukiza hapana. Basi akipika cha kujaribu, alikiweka kwenye chetezo, na chetezo akakiweka ukingoni mwa dirisha, nje, moshi usimguse. Na moshi nao, ukitoka dirisha lile, una mahali pamoja tu pa kwenda.

Usiku wa ugomvi ule Mejumaa alipanda na kaimati kwenye bakuli.

"Nimesema uwongo kwa ajili yako," akasema, akikaa sakafuni na kunyosha miguu iliyochoka. "Nikiulizwa kaburini nitakutaja jina. Udi uliungua vipi?"

"Sisikii harufu."

"Una mafua?"

"Sisikii kabisa. Tangu Kamaludin."

Mejumaa akamtazama. Akatoa kaimati moja akamtia mkononi kama mtoto, akangoja mpaka aimalize. "Yangu pia haifai," akasema. "Hii pua yangu imekaangwa. Miaka yote hii juu ya mafuta, hata papa akiletwa mbichi ni lazima nimtazame machoni nimjue. Sasa tutachanganyaje udi, kipofu na kiziwi?"

Wakakaa. Kutoka ng'ambo, Raihana akasikika akimwambia mtu kwenye simu kwamba nyumba ya tatu kutoka pembeni wamekula bamia leo wala si nyama walivyotangaza.

Mejumaa akaacha kutafuna.

"Maisara."

"Naam."

"Pua ile ndiyo pua."

"Haniongeleshi."

"Nani amesema akuongeleshe? Yule bibi hawezi kunyamaza. Wewe choma, usikilize."

Na ndivyo kazi ilivyofanyika. Nawaambia, hakuna kiwanda duniani kilichowahi kuwa na mkaguzi wa namna ile. Kila laasiri Maisara aliweka kipande kwenye chetezo ukingoni mwa dirisha, akafunga luva, zile mbao za dirisha, akakaa nyuma yake kwenye kibao, mikono magotini.

Siku ya kwanza, Raihana: "Lo, salale! Miski gani hii? Kuna mtu anaoshwa humo?"

Akapunguza miski.

"Leo karafuu! Tumekuwa na meno mabovu sote mtaa huu, twatibiwa?"

Akapunguza karafuu.

"Na leo ni sukari tupu, mti hamna. Yakhe, watufukiza chai!"

Akaongeza unga wa udi, akatia sandali ya zamani aliyoachiwa na nyanyake, akapika kwa moto mdogo huku ameiangalia saa badala ya kuitumaini pua. Alifanya yote hayo kama mtu afuaye nguo za mwenziwe. Mikono ilijua. Yeye alikuwa mahali fulani nyuma ya mikono.

Ikaja laasiri moja, akaweka kipande, akafunga luva, akangoja. Kimya. Akangoja tena. Akadhani Raihana hayuko. Akachungulia kwenye upenyo.

Raihana alikuwa dirishani. Hasemi neno. Amelitoa buibui lake la kutokea, lile jeusi lenye nakshi mikononi, amelitundika kwenye fito ya dirisha, moshi ukilipitia. Akalitazama kidogo. Kisha akaligeuza, upande wa pili nao upate.

Maisara akafungua mlango wa ngazi akamwita Mejumaa. "Ni huu," akamwambia. Mejumaa akapiga kigelegele kimoja kidogo cha mkono mdomoni, asije akasikiwa. Maisara akaenda kuosha sufuria.

Duka lenyewe alilijenga Mercy. Huyu ni binti wa Kirabai aliyekaa meza moja na Kamaludin kule Shimanzi. Kamaludin ndiye aliyemfundisha kazi, ndiye aliyempigania apate kazi ya kudumu. Alikuja kutoa pole na wenziwe wa ofisini, kisha akarudi peke yake, akarudi tena, na kila Jumapili baada ya kanisa alipanda ngazi na kompyuta yake ndogo begani. Alipiga picha za makopo juu ya mkeka. Aliandika maelezo. Alimpata Chonga, mwenye pikipiki pale Feri, awe akipeleka mizigo Likoni na kisiwani, na ya mbali iende kwa basi.

"Haya dada Maisara, tazama. Hii ndiyo Bidhaa. Mteja akiona anachopenda, anakitia kwenye Kapu."

"Kapu liko wapi?"

"Hili hapa, hiki kipicha. Halafu Lipa, analipa kwa simu. Sisi tunapata ujumbe, inalia hivi." Ikalia, ting.

"Na hiki cha juu?"

"Hicho ni Nyumbani. Mteja akipotea kwenye kurasa, akibonyeza hapo anarudi pale alipoanzia."

"Arudi nyumbani."

"Ndiyo."

"Kwa kubonyeza tu."

Mercy akatazama pembeni. Maisara akakigusa kitufe kwa ncha ya kidole. Ukurasa ukayeyuka, ukaja ule wa mwanzo: kopo moja, kifuniko cha dhahabu, na maneno Udi wa Maisara.

"Kizuri," akasema.

Eda ikaisha Jumatano. Mejumaa alikuja na maji ya moto na sabuni mpya, akamsaidia kuoga na kuvua nyeupe, akamvisha dera la kijani alilomnunulia mwenyewe, la rangi ya ndizi mbichi, la kumchangamsha aliyeko mbali. Akamfukiza nywele kwa udi wake mwenyewe. "Wanukia kama bi arusi," akamwambia. Maisara akasema ahsante. Akajitazama kiooni, akaona dera.

Alhamisi Mercy akatunga tangazo, Mejumaa akalisambaza kwa kila mtu aliyemo kwenye simu yake, wateja wa kaimati na wasio wateja:

"Assalaam alaykum. Udi wa Maisara wafunguliwa rasmi kesho Ijumaa, saa kumi laasiri. Karibuni Nyumbani, muone wenyewe."

Na chini yake ile anwani ya mtandaoni, ya kubonyeza. Nia ya Mercy ilikuwa wazi kwa Mercy: watu wabonyeze, wafike ukurasa wa Nyumbani, waone bidhaa. Lakini simu ya Raihana ni ya zamani, ina ufa katikati, na anwani ile iliangukia kwenye ufa. Alichokisoma ni kilichobaki. Akakisoma mara mbili. Akavaa miwani akakisoma tena. Kisha akabonyeza mahali pa sauti, akaingia kwenye makundi yote ya kina mama aliyomo, na hakuna kundi asimokuwemo:

"Jamani eh, Maisara ametoka eda, masikini ya Mungu, na atualika kwake kesho laasiri. Ameandika mwenyewe, karibuni nyumbani. Mimi nilikuwa nimemnunia lakini ameniletea mwaliko, sasa nitafanya nini? Msije mikono mitupu. Na kiti ukiwa nacho chukua."

Ijumaa, saa kumi kasoro, Maisara na Mercy walikuwa ghorofani mbele ya kompyuta. Mercy ameomba ruhusa kazini, amevaa nguo yake ya kanisani. Makopo yaliyojazwa yamo kwenye maboksi ukumbini chini. Funguo za nyumba zilikuwa mezani, kando ya kompyuta. Maisara ndiye aliyeziweka hapo, apate kuzichukua haraka Saif akifika.

Saa kumi ikafika. Mercy akabonyeza. Duka likafunguka.

Hakuna aliyekuja.

"Ni mapema," Mercy akasema.

Wakangoja. Mahali pa kuonyesha wageni pakaonyesha mmoja, na huyo alikuwa Mercy mwenyewe kwenye simu yake.

"Labda mtandao," Mercy akasema, na sauti yake ikaanza kupungua. "Bi Mejumaa alituma kwa watu wengi sana. Sielewi."

Maisara alizitazama funguo. Alijaribu kuona kama moyo wadunda kwa nguvu. Ulikuwa wadunda kama kawaida.

"Hodi! Hodi wenyewe! Mlango uko wazi, twaingia!"

Alishuka ngazi nusu, akasimama. Mlangoni alikuwepo Raihana, na buibui lake lenye nakshi, amebeba sinia la pilau lililofunikwa kawa. Nyuma yake mwanamke na chungu. Nyuma ya huyo mwingine na birika, mwingine na mkeka umekunjwa kwapani, na kichochoro chote hadi pembeni kimejaa mabuibui na sahani.

"Umenialika, nimekuja," Raihana alisema, akimsukumia sinia. "Yaliyopita tuyaache hapo nje, yakanyagwe na punda. Shika, lina moto."

"Nimekualika?"

"Si umeandika? Karibuni nyumbani. Sisi tusije, sisi ni watu wa aina gani?"

Mercy alikuwa ametokea juu ya ngazi. "Lakini Nyumbani ni kile kitu—"

Maisara akageuka akamtazama. Mercy akafunga mdomo.

"Ndiyo," Maisara akasema. "Nimeandika. Karibuni."

Nyumba ikajaa. Na ikijaa nyumba ya Mji wa Kale, hujaa kweli: ukumbi, chumba cha nyuma, jikoni, ngazi kila kipandio na mtu wake. Wakaulizana hali za watoto na wajukuu, wakatajana nani ameposwa na nani amerudishwa kwao, Mejumaa akashika jiko kama lake. Viti havikutosha. Wakakalia maboksi.

"Dada," Mercy alimnong'oneza, macho yamemtoka, "wamekalia bidhaa!"

"Wameshazoea," Maisara akasema.

Raihana ndiye aliyefungua kopo la kwanza, maana kitu kilichofungwa mbele ya Raihana ni tusi. Akafungua, akapeleka puani. Akanyamaza. Waliomjua wakageuka kutazama kulikoni.

"Huu naujua."

"Ndio uliokuwa ukikusumbua dirishani," Maisara akasema.

"Si uliokuwa na miski ya kuoshea maiti?"

"Ulisema imezidi, nikapunguza. Ukasema karafuu, nikapunguza. Mimi sisikii harufu, Bi Raihana. Nilikuwa nikikusikiliza wewe."

Raihana alimtazama, akalitazama kopo, akamtazama tena, na uso wake ukapita mambo mengi kwa mpigo. Kisha akasimama juu ya boksi.

"Jamani! Udi huu nimeuchanganya mimi!"

Ukumbi ukalipuka. "Kwa mdomo!" mtu akapiga kelele kutoka jikoni. "Kwa mdomo ndiyo!" Raihana akajibu. "Na ningelinyamaza, mngefukiza karafuu!" Makopo yakapita mkono kwa mkono, yakanuswa, na kila mtu akataka kujua yanunuliwa vipi, na Mercy, jasho lamtoka, akawaeleza habari ya anwani na Bidhaa na Kapu, nao wakamwambia mwanangu ngoja kwanza tule.

Hapo ndipo Saif alipofika.

Gari alikuwa ameliacha barabarani, haliingii. Alikuja kwa miguu, kanzu ya Ijumaa, na akafika mlangoni akakuta viatu. Viatu vya kike vya kila namna, hadi kizingitini, hadi juu ya baraza. Akatoa mguu mmoja, akaurudisha. Mwanamume gani ataingia hapo? Akapiga hodi, sauti za kike zikamjibu, "Kuna watu!" Akarudi nyuma hadi barazani, akakaa karibu na Chonga wa pikipiki, aliyekuwa hapo tangu saa kumi akingoja mzigo.

Maisara alipoambiwa, alipanda akachukua funguo mezani. Akashuka akiruka magoti ya watu kwenye ngazi, akatoka hadi kizingitini, miguu mitupu, maana viatu vyake vilikuwa chini ya viatu vingine vyote. Jiwe la kizingiti lilikuwa na moto wa jua la mchana. Lilimchoma nyayo kidogo. Hakusogea.

"Masalkheri, shemeji."

"Masalkheri." Saif hakumtazama usoni, kwa adabu, alizitazama funguo. "Kuna nini humu?"

"Ufunguzi wa duka."

"Duka liko wapi?"

"Simuni."

"Na hawa?"

Maisara akafikiri amwambie nini. "Hawa wamekosea njia," akasema.

Saif akawaza jambo hilo. Ndani mtu alikuwa akicheka kwa kukohoa, mwingine akiulizia bizari, na Raihana akisimulia upya habari ya miski, tayari imeongezeka vitu viwili ambavyo havikutokea. Saif alilelewa kwenye nyumba hii. Alisikiliza kama mtu asikilizaye saa ya ukutani ya zamani kuona kama bado yaenda.

"Nionyeshe hilo la simuni," akasema.

Maisara akamtajia anwani. Saif akaiandika kwa kidole kimoja, miwani puani, Chonga akimsaidia herufi. Akabonyeza huku na huku. "Kapu hili?" "Hilo." Akabonyeza tena. Akangoja.

Dirisha la juu likafunguka kwa kishindo, kichwa cha Mercy kikatoka. "Dada Maisara! Oda! Oda ya kwanza!" Akapaza sauti hadi kunguru wakaruka paani. "Yatoka Kizingo!"

Kichochoro kizima kikamtazama mtu wa Kizingo. Saif akatazama viatu.

"Mke wangu hupenda udi," akasema kwa sauti ndogo. Kisha akaunyosha mkono, si kupokea, ila kuzirudisha funguo zilipo, akizisukuma hewani bila kuzigusa. "Ziweke. Mimi nilidhani utakaa peke yako." Akatoa kikohozi. "Mwenye pikipiki aniletee hilo kopo Kizingo. Kama wateja wengine. Sitaki la mkononi."

"Haya, shemeji."

"Na mle hicho chakula, kitapoa."

Akaondoka akipita ubavu ubavu kwenye kichochoro, kanzu ikikwaruza ukuta. Maisara akabaki pale pale kizingitini, mgongo kwa nyumba, funguo kiganjani. Alingoja aone kama kutakuja kitu: machozi, au ahueni, au jina la Kamaludin kama lilivyokuwa likimjia mwanzo. Hakukuja kitu. Jiwe liliendelea kumchoma nyayo. Tumbo likanguruma. Akashangaa kidogo, lilikuwa halijafanya hivyo siku nyingi.

Ndani, Raihana alikuwa akigawa sahani. Akatupa macho mlangoni, na kwenye mwanga wa nje akaona mwanamke amewapa mgongo, dera la kijani, hana viatu, amesimama kama mtu asiyejua aingie au arudi. Miezi yote ile alikuwa amemwona jirani yake na nguo nyeupe tu, na macho yake yalikuwa bado hayajazoea kijani cha leo.

"We mgeni!" akaita. "Wee wa dera la kijani! Mbona wasimama hapo nje kama uliyefukuzwa? Usione haya, mwanangu, hapa ni nyumbani. Ndoo, ingia ndani ule."